Kwa wewe unayepanda meli ya utafiti kwa mara ya kwanza

Kabla hujaulizia ratiba ya vipimo, mjue serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, ni nani. Mimi nilipanda na shahada yangu na daftari jipya, nikamwona ni mzee wa kamba tu. Siku ya tatu tulikuwa mkondo wa Pemba, kusi imekaza, tumeshusha CTD, lile dude la chuma lenye chupa za kuchotea maji zilizopangwa duara, linalopima chumvi, joto na kina. Mita ya winchi, inayohesabu waya ulioshuka, ilisoma mita 500. Mzee akautazama waya, akasema, "Umelala huo. Hapo hamjafika mia tano." Aliyekuwa maabara akajibu kwenye redio: kina halisi 430. Maji ya pwani yetu husukuma kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huzidi kasi. Meli inabebwa huku, waya unabaki kule. Hayo nilikuwa nimeyasoma darasani, lakini aliyeyaona ni yeye. Tangu siku hiyo nilimpa shikamoo kabla sijawasha kompyuta.

Ugomvi mwingi melini huanzia kwenye zile chupa. Dude likishapanda sitahani kila mtu anataka maji yake, na maji ni yale yale. Kuna foleni, nayo haina mkubwa wala mdogo: wa oksijeni huanza, kwa sababu chupa ikishafunguliwa hewa inaingia na kipimo kinaharibika, wa chumvi husubiri mwisho, yake haibadiliki upesi. Hata profesa akija na ndoo, mwambie kwa adabu asubiri. Na wewe usichote zaidi ya ulichoandikiwa. Lita moja ya ziada unayosuuzia ndoo ni ya mtu aliyeingoja mwaka mzima.

Sasa kosa langu. Usiku mmoja nilisahau kufunga kizibo cha juu cha chupa namba 4 kabla haijashuka. Iliporudi nikafungua kibomba cha chini, kizibo nikidhani kimefungwa, maji yakachuruzika bila kukoma. Hiyo ndiyo dalili ya chupa inayovuja. Niliiona, nikaona haya, nikachota hivyo hivyo na daftarini sikuandika kitu. Ilikuwa saa sita kasoro, zamu yangu inaisha, nataka kitanda. Dada wa zamu iliyofuata akapima, akakuta maji ya chini kabisa yana oksijeni kama ya juu. Akarudia. Akabadilisha kemikali. Akafungua mashine, akaisafisha, akaifunga, nusu ya usiku imekwisha. Asubuhi nikamwambia, macho chini. Hakufoka, na ingekuwa heri angefoka. "Ungeandika neno moja tu, mdogo wangu. *Inavuja*."

Kwa hiyo unapokabidhi zamu, usimwachie mwenzako daftari mezani ukaondoka. Simama naye dakika kumi, mwonyeshe kilichoharibika kwanza, kilicho salama baadaye. Nimeshapanda meli kadhaa tangu wakati huo, na uwe kwenye RV Mtafiti ya Kenya au Dr. Fridtjof Nansen yenye bendera ya Umoja wa Mataifa, zamu hupokezana kwa namna hiyo hiyo.

Bahari ikikulevya, sema mapema upangiwe kazi ya kukaa. Anayejikaza ndiye anayetapika juu ya sampuli. Sitahani vaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea hata kama ni kwa kuchungulia tu, na usisimame karibu na waya uliokazwa, ukikatika hauchagui. Mpishi mshukuru kila siku, maana jikoni nako kunayumba.

Na mlango wa chumba ufunge kwa mkono, usiuachie mawimbi yaubamize. Saa nne hiyo ya asubuhi inayokuchangamsha wewe, nyuma ya ukuta kuna mtu wa zamu ya usiku ndiyo kwanza amepata usingizi.