Vyama vya Marekani vilizaliwa na deni

Ndugu, umeuliza: kama katiba ya 1787 haitaji vyama kabisa, na George Washington, rais wa kwanza, mwenyewe alivikemea, vilitoka wapi? Kwa maoni yangu, vilitoka kwenye deni la vita.

Mwaka 1790 Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo na imlipe kikamilifu kila mwenye hati ya deni mkononi. Hapo ndipo penye uchungu. Askari wengi waliopigania uhuru walikuwa wamekwisha kuuza hati zao, walizopewa badala ya mshahara, kwa bei ya kutupa, hivyo faida ikaenda kwa walanguzi. Mbunge James Madison alipendekeza wenye hati wa mwanzo nao wapate fungu, Bunge likakataa. Mwaka uliofuata ikaja Benki ya taifa, na Madison pamoja na Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, wakasema katiba hairuhusu.

Kwa hiyo haukuwa ugomvi wa Hamilton na Jefferson tu; wafuasi wa kila upande wakawa chama. Hamilton alitaka taifa la viwanda na mikopo, Jefferson la wakulima wenye mashamba yao. (Huyo Jefferson aliyehubiri uhuru alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake, usiliruke hilo unaposoma.)

Je, walivumiliana? Kwa shida sana. Sheria ya Uchochezi ya 1798, iliyokataza kuikashifu serikali, iliwafunga wahariri wa upinzani, yaani wa upande wa Jefferson. Lakini 1801, baada ya Bunge kupiga kura mara 36 ndipo Jefferson akamshinda Aaron Burr, mgombea mwenza wake waliyelingana kura, Rais John Adams wa chama cha Hamilton alikabidhi madaraka kwa wapinzani wake bila risasi kulia.