Zaburi ya 91 na Magunia Sita ya Mchele

Januari mwaka juzi nilikuwa na magunia sita ya mchele stoo, hapa soko la Mwanjelwa, Mbeya: mawili ya Kyela, manne ya Mbarali. Mteja wangu wa Dar es Salaam alitaka yote sita yawe ya Kyela, na gari lilikuwa linapita jioni. Wenye biashara hii mnajua. Mwezi huo mchele wa Kyela umeadimika na bei iko juu, na ukichanganya vizuri, ile harufu ya Kyela inaubeba wa Mbarali. Mnunuzi hagundui mpaka aupike. Binti yangu alikuwa bado nyumbani, wenzake wameshafungua shule, ada haijatimia.

Jirani yangu wa kibanda, mama ninayesali naye kanisa moja, akaniambia kwa upole, "Changanya tu, mama. Mungu anaijua shida yako, atakulinda."

Hilo neno "atakulinda" ndilo lililonishika. Angeniambia nimwibie mtu ningekataa palepale.

Nikakaa juu ya gunia kuomba, na ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta ruhusa. Ikanijia Zaburi ya 91, ambayo mimi huisoma kila basi linapokaribia kuteremka mlima Kitonga. Halafu nikakumbuka kuwa ni zaburi hiyohiyo Ibilisi aliyoitumia katika Mathayo 4: alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua. Yesu hakubisha kwamba Mungu analinda. Alijibu kwa Kumbukumbu la Torati, kwamba Bwana Mungu hajaribiwi.

Ndugu yangu, ukiona ahadi ya ulinzi inatumika kukusogeza kwenye kosa, ujue umeshafika juu ya kile kinara. Usianze kupiga hesabu ukiwa huko. Shuka.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu wa mji wa biashara na bandari, kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na mlango wa kutokea (1 Wakorintho 10:13). Mlango wangu ulikuwa simu. Nikapiga: "Kaka, magunia ya Kyela ninayo mawili tu. Yaliyobaki ni Mbarali." Akanyamaza kidogo, akachukua mawili, mengine akaenda kununua kwa mtu mwingine. Fedha ya ada haikushuka kutoka mbinguni. Nilikwenda shuleni kuomba kulipa kidogo kidogo, na binti akaingia darasani amechelewa wiki mbili.

Nasema hivi kwa sababu tunafundishana kwamba ukishinda jaribu baraka inakuja jioni hiyohiyo. Yusufu alimkimbia mke wa bwana wake aliyemtaka, akaacha vazi lake, likafanywa ushahidi dhidi yake, akafungwa. Mwanzo 39 inasema Bwana alikuwa pamoja naye humo gerezani. Ulinzi niliouona mimi ni wa namna hiyo: usiku ule sikuogopa simu kuita.

Siku hizi siombi tu nisiingie majaribuni kisha nikaacha magunia yamechanganyikana kona moja. Ada ikikaribia nawaambia mapema akina mama wawili wa kikundi chetu, ili wanijulie hali kabla sijabanwa. Na Kyela nafunga kwa kamba nyekundu, Mbarali kwa bluu, mteja akiwa anatazama.