Maswali ya Wasomaji: Mkono wa Dereva wa Tramu

SWALI: Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu kwenye makumbusho ya tramu (magari ya abiria ya umeme yanayopita kwenye reli za mitaani) ya Crich, Derbyshire, hapa Uingereza ninakoishi. Nilimwona dereva akizungusha mkono wa shaba hatua kwa hatua, kisha ghafla akaurudisha mwanzo ilhali kituo kingali mbali, na tramu ikaendelea kwenda. Je, hizo ni mbwembwe za kuwafurahisha wageni? (Msomaji, Nottingham)

JIBU: Si mbwembwe, ndugu msomaji, ulichokiona ndicho kiini cha kazi yenyewe. Tramu za zamani hutumia umeme wa mkondo mnyoofu, yaani usiobadili mwelekeo, kwa kawaida wa volti 550 hadi 600, na mota iliyosimama ikipewa umeme wote huo kwa mara moja huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi, ikaweza kuungua au kuwayumbisha abiria vibaya. Kwa hiyo dereva huanza kwa kuupitisha umeme kwenye vikinzani, yaani vyuma vinavyouzuia kwa kiasi, huku mota mbili zikiwa zimeunganishwa kwa mfululizo ili zigawane volti nusu kwa nusu. Kila hatua ya mkono wa kontrola, yaani kisanduku cha swichi mbele ya dereva, hupunguza ukinzani huo, mpaka uishe. Kisha mota huunganishwa sambamba, vikinzani vikarudishwa na kuondolewa tena, na mwishowe kila mota hupata volti zote.

Hatua za katikati ni za kupita, si za kukaa, kwa sababu vikinzani huugeuza umeme kuwa joto na dereva akikawia hapo vitaharibika. Anaruhusiwa kudumu kwenye hatua mbili tu: ya mwisho ya mfululizo na ya mwisho ya sambamba. Akizikimbiza hatua, swichi ya usalama hujikata. Kurudi mwanzo nako hufanywa kwa mkupuo mmoja, maana umeme mwingi ukikatwa polepole huruka kwa cheche kubwa ndani ya kontrola na kuila shaba yake. Baada ya hapo tramu huserereka yenyewe, kwani magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hayana msuguano mkubwa, na kwa maoni yangu ustadi wa dereva hupimwa hasa kwa kujua mahali pa kukata umeme.

Katika tramu nyingi mkono huohuo, ukipelekwa upande wa pili, huleta breki: mota hugeuka jenereta, na nguvu ya mwendo huishia kuwa joto. Breki hiyo hufanya kazi hata umeme wa waya ukikatika, lakini gari likikaribia kusimama huisha nguvu, ndiyo maana dereva hana budi kufunga breki ya mkono kila kituo.

Maarifa haya yangeweza kupotea. London iliacha tramu zake mwaka 1952, Sheffield 1960 na Glasgow 1962. Mkusanyiko wa Crich ulianzia kwenye tramu namba 45 ya Southampton, ambayo wapenzi wachache waliinunua kwa pauni 10 mwaka 1948; lakini gari bila mtu anayejua kuliendesha lingekuwa sanamu tu, na ninawaheshimu sana wanaojitolea kufundishana kazi hii hadi leo.

SWALI: Kwa nini kondakta huizunguka tramu akivuta fimbo ya juu, na kengele zake zina maana gani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Fimbo hiyo, inayoiletea tramu umeme kutoka kwenye waya wa juu, huitwa fimbo ya troli, nalo neno hilo lisikuchanganye na vigari vya reli vilivyosukumwa na watu katika Mombasa ya zamani. Fimbo sharti iburutwe nyuma ya gari. Ikitangulia mbele, ncha yake huweza kuchomoka kwenye maungio ya waya na kuzivuta nyaya chini. Kwa hiyo mwisho wa njia kondakta huishusha kwa kamba au mwanzi mrefu na kuigeuza. Ikichomoka njiani usiku, taa za ndani huzimika, na kondakta humwashiria dereva asimame.

Kengele hufanya kazi ya kondakta wa daladala anayegonga bodi. Katika tramu za Uingereza, mlio mmoja humtaka dereva asimame kituo kinachofuata, miwili humruhusu kuondoka, na mitatu humjulisha kwamba gari limejaa. Dereva haondoki kabla hajaisikia ile miwili, hata akiona mlango u wazi na hakuna anayepanda.