Datsun 160J iliyochemsha hadi kugonga: usitupe injini, ila jua kwanza kilichoiua

Mkuu, umesema umepata Datsun 160J iliyowahi kukimbia rally, ikakaa uani kwa mtu miaka mingi. Mwenye nayo wa mwisho aliichemsha mlimani, akaendelea kuikanyaga mpaka chini kukaanza kugonga. Sasa fundi wako anakushauri uitoe injini uweke ya Toyota. Kwa heshima zote, naomba nimpinge fundi wako. Nimekuwa nikifungua injini hizi za L, familia ya injini za Datsun, hapa Arusha kwa muda mrefu, na nyingi zilizohukumiwa skrepa zinatembea mpaka leo.

Kwanza kumbuka una gari gani. Violet, ambayo huku tuliijua zaidi kwa jina la 160J, ilishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani na Mike Doughty pembeni yake akimsomea njia. Ukiweka injini ya Toyota gari litatembea, sikatai. Lakini siku ukitaka kuliingiza kwenye mashindano ya magari ya kihistoria, watataka injini ya aina yake. Na thamani ya gari nayo inashuka, hilo mnunuzi yeyote anayejua atakwambia.

Injini yake ya asili ni L16: silinda za milimita 83, mwendo wa pistoni 73.7, jumla cc 1,595. Bloku ni chuma, hedi (kichwa cha injini) ni aluminiamu, kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, iko juu na inazungushwa kwa cheni. Kipimo hicho cha 83 ndicho kilichokuwa kwenye L24 ya silinda sita, ile ya Datsun 240Z aliyoshinda nayo Mehta mwaka 1973, kwa hiyo hii ni familia moja. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye bloku kabla ya kwenda dukani. Magari haya mengi yaliwekewa L18 au L20B njiani, na hizo silinda zake ni 85. Pistoni haziingiliani.

Sasa jambo ninalotaka ulishike: usinunue hata ringi moja kabla hujajua kilichoiua hiyo injini. Watu wanakimbilia spea, wanafunga kila kitu kipya, kisha injini inakufa tena kwa ugonjwa ule ule.

Unapofungua, kabla hujalegeza giya ya kamshafti, piga kabari ya mbao katikati ya cheni ili ibane tenshena, yaani kikaza cheni. Usipofanya hivyo tenshena inachomoka, na kuirudisha ni mpaka ufungue kava yote ya mbele. Roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, na vibati vyake vidogo vya juu ya valvu vipange kwa namba, kila kimoja na mahali pake, kwa sababu kila roka imeshazoeana na kamu yake, yaani nundu yake kwenye kamshafti.

Hedi ndiyo itakayokusumbua zaidi, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Aluminiamu inatanuka kuliko chuma, na imefungwa kwa bolti kwenye bloku ya chuma. Ikichemka sana inakosa pa kwenda, inajikunja kama ubao uliolowa ukaanikwa juani. Inajikunja yote, chini na juu. Ukiipeleka kuskimu (kuchongwa uso uwe bapa), wanasawazisha uso wa chini tu, rula inakaa vizuri, unafurahi. Juu minara inayoshika kamshafti bado imepinda.

Tuliletewa 160J moja yenye tatizo hilo hilo. Gereji moja ilikuwa imeifunga upya, gasketi mpya, hedi imeskimiwa vizuri kabisa. Tukatoa roka zote, nikashika giya ya kamshafti nikaizungusha kwa mkono. Inaenda nusu mzunguko laini, halafu inakaza, mpaka uilazimishe. Tulipoitoa, sehemu za kati zilikuwa na mng'ao upande mmoja tu, na mnara wa kati umelika hadi ukucha unanasa. Kamshafti ilikuwa inajikunja kila mzunguko. Kamshafti ya L isiyo na roka inatakiwa izunguke kwa vidole viwili. Yako ikikaza, hedi inyooshwe kwanza: inafungwa kwenye bamba nene la chuma, vipande vyembamba vinawekwa chini ya ncha zake, inapashwa moto kwenye oveni, inaachwa ipoe taratibu. Baada ya hapo ndipo iskimiwe. Mwambie pia fundi wa leti apime ugumu wake, maana hedi iliyoungua sana inakuwa laini, na laini haishiki gasketi.

Hedi mpya ina unene wa karibu milimita 108. Ukiipunguza sana, cheni inalegea na taimingi ya kamu inachelewa. Dawa yake ni shimu, yaani vibati vyembamba, za unene ule ule uliokatwa, zikae chini ya minara. Kwa upungufu mdogo, giya ya kamu ina matundu matatu: kuhama tundu moja kunairudisha mbele nyuzi 4 za krenki.

Huko chini, toa beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) uzipange juu ya kitambaa cheupe kwa namba za silinda, za juu na za chini zitazamane. Shaba ikionekana kwenye ile ya juu tu, ujue ilibebeshwa mzigo oili ikiwa imeshakuwa nyepesi kwa joto. Mikwaruzo mirefu yenye chembe zilizojizika ni vumbi. Hapo kakague mpira unaotoka kwenye kisafisha hewa kwenda kabureta. Vumbi likipita hapo linakula ringi kwanza, halafu linashuka kwenye oili.

Kama kuna beringi iliyozunguka ndani ya konrodi, tundu la konrodi hiyo lipimwe lisiwe yai. Krenki ikisagwa kwa milimita 0.25, sisitiza wabakize ule mviringo mdogo wa kwenye kona. Kona kali ndipo krenki inapovunjikia. Nafasi ya oili kwenye konrodi iwe kati ya milimita 0.025 na 0.055, na ya pistoni kwenye silinda kati ya 0.025 na 0.045. Mpe fundi pistoni mkononi kabla hajachonga bloku, achonge kwa kufuata pistoni zenyewe.

Ng'oa vizibo vya njia za oili kwenye bloku na usugue kwa brashi ndefu. Kama gari lina rejeta ndogo ya oili, na ya rally kwa kawaida inayo, itupe. Haisafishiki. Chembe za chuma zinabaki ndani, zinasubiri injini mpya.

Halafu rejeta ya maji. Ya ile 160J niliyokusimulia ilikuwa safi kwa nje, mapezi yote yamenyooka. Tulipokata kichwa chake, mirija karibu nusu imeziba kwa chokaa na ile dawa ya kuzibia uvujaji. Ndiyo iliyoichemsha tangu mwanzo, na gereji iliyotangulia haikuigusa.

Wakati wa kufunga, pistoni namba 1 ikiwa juu kabisa, ulimi wa shafti ya pampu ya oili ukae kama mishale ya saa 11:25 kwenye uso wa saa, sehemu nyembamba ikiwa mbele. Ukikosea jino moja, distributa haitakubali taimingi. Zungusha injini kwa stata bila plagi mpaka geji ionyeshe presha ya oili, ndipo uwashe. Ikishapata moto, nafasi ya valvu za kuingiza iwe milimita 0.25, za moshi 0.30. Usiiache iungurume palepale saa nzima. Ipeleke barabarani, ipe mzigo wa wastani, iachie, irudie, ringi zikae.

Ukishafungua, weka hapa picha za beringi zikiwa zimepangwa, pamoja na kipimo cha hedi juu na chini. Nitakwambia ninachokiona kabla hujatoa hela.