Kabla hujatafuta mwekezaji wa chujio lako la floraidi

"Shikamoo mwalimu. Nimebuni chujio la ndoo la kuondoa floraidi, linaondoa asilimia 95. Naomba uniunganishe na mwekezaji."

Ujumbe huo umetoka kwa kijana wa Usa River, Arusha, na jumbe za namna hiyo huja nyingi. Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kushika kazi badala ya kulalamikia maji yetu na floraidi yake, madini yanayoharibu meno yakizidi. Lakini hiyo 95 umeipima kwa kifaa gani, kwenye maji ya wapi, na baada ya kupitisha lita ngapi? Yeyote anayeijua kazi hii atakuuliza hayo matatu kabla hujamaliza kufunua ndoo yako. Ukibabaika hapo, chujio linaweza kuwa zuri na bado ukarudi nalo nyumbani.

Tuanze na asilimia yenyewe. Maji yenye miligramu 20 kwa lita yakipungua kwa asilimia 90 yanabaki na 2, na hayafai. Maji yenye 5 yakipungua kwa asilimia 75 tu yanabaki na 1.25, na yanafaa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni miligramu 1.5 kwa lita, cha Shirika la Afya Duniani na cha kwetu pia sasa hivi. Zamani Tanzania iliruhusu mpaka 4, kwa hiyo karatasi ya zamani ya kisima inaweza kusema maji ni salama huku namba iliyoandikwa ni 3. Andika namba ya kuingia na namba ya kutoka. Asilimia waachie watu wa matangazo.

Kuna jambo jingine linalochosha kwenye maonyesho: mgeni anaona maji yameingia na rangi yametoka meupe, anapiga makofi. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji meupe kama kioo yanaweza kuyafanya meno ya mtoto kuwa ya kahawia kabla hata hajayang'oa ya utotoni, na kuyachemsha hakusaidii, kunazidisha tu kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki.

Sasa kupima. Vijiti vya kuchovya vinavyobadilika rangi vinafaa kukuambia kisima hiki kibaya, kile afadhali. Havifai kuthibitisha ubunifu. Njia ya rangi ya SPADNS ni bora zaidi: floraidi huinyang'anya rangi hiyo zirkoniamu, wekundu unapauka, nawe unasoma kwenye kipima rangi kwa wimbi la nanomita 570. Kasoro yake ni kwamba uwezo wake unaishia kwenye miligramu 1.4, au 2 hivi kwa vitendanishi vya kununua. Maji ya 12 usipoyazimua mara kumi, mashine itakupa namba, na namba hiyo itakuwa uongo. Klorini nayo huiharibu ile rangi, na fosfeti huongeza kipimo. Mkaa wa mifupa, ambao wengi huutumia kuchuja floraidi, ukiwa mpya na haujaoshwa vizuri huachia fosfeti.

Chombo cha kutegemea ni elektrodi ya floraidi, kijiti cha kuchovya kinachounganishwa na mita ya millivolti. Frant na Ross wa Marekani waliitangaza mwaka 1966: fuwele ya lanthanamu floraidi iliyotiwa yuropiamu kidogo, ambayo ayoni za floraidi hupenya na nyingine karibu zote hukwama. Kama huna, Arusha hukosi pa kwenda. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, na Taasisi ya Nelson Mandela ina maabara. Sampuli weka kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa kioo na floraidi havipatani. Inakaa siku 28 bila kutiwa dawa yoyote.

Ukipata nafasi ya kupima mwenyewe, kausha sodiamu floraidi kwa nyuzi 110 kwa saa mbili, pima gramu 0.221, yeyusha ifike lita moja. Huo ni myeyusho sanifu wa miligramu 100 kwa lita, na ni sumu, kwa hiyo usiufyonze kwa mdomo. Mililita 10 za huo zikijazwa hadi 100 zinakupa 10 kwa lita. Rudia na utapata 1. Kuzimua tumia maji yaliyokenekwa. Wengine hutumia maji ya betri ya dukani. Sawa, ila yapime kwanza yenyewe, na soma lebo, maana chupa ya asidi ya betri hukaa rafu ileile.

Halafu bafa, yaani myeyusho wa kutuliza pH, ile inayoitwa TISAB. Watu huiruka kwa sababu ya gharama, na ndipo kazi nzima inapoharibikia. Kwenye nusu lita ya maji weka mililita 57 za asidi asetiki kolevu, gramu 58 za chumvi ya maabara (ya jikoni hapana, ina nyongeza zake) na gramu 4 za CDTA. Kalisha chombo ndani ya beseni la maji baridi, tia sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo, maana inapata moto, mpaka pH ifike kati ya 5.0 na 5.5, kisha jaza ifike lita. Kila sampuli na kila myeyusho sanifu changanya nusu kwa nusu na bafa hiyo. Chini ya pH 5 floraidi hujishika na haidrojeni na elektrodi haiioni. pH ikipanda, haidroksaidi nayo huanza kuhesabiwa kama floraidi. CDTA kazi yake ni kuikamata aluminiamu na chuma. Usiisahau CDTA, tutairudia.

Anza na myeyusho hafifu uende kwenye mkali. Kati ya myeyusho wa 1 na wa 10, mita inapaswa kutofautiana kwa millivolti 54 hadi 60. Ikikupa 48, usiendelee kupima. Angalia kama kuna kiputo cha hewa chini ya fuwele, kama tundu la kujazia elektrodi limefunguliwa, kama maji ya ndani yamepungua. Ikishindikana, isugue fuwele polepole kwa dawa ya meno yenye floraidi na uisuuze sana. Hiyo si mbinu ya vichochoroni, watengenezaji wenyewe wanaishauri. Kosa la millivolti moja ni kosa la kama asilimia 4, kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye friji yasipimwe na myeyusho uliokaa juani. Yote yafike joto la chumba kwanza. Kikorogeo cha sumaku nacho kinapata joto, weka kipande cha sponji nene au kadibodi chini ya kikombe. Kwenye maji ya chini ya 1 subiri hata dakika tano namba itulie. Wenye haraka hapa ndio wanaoandika 95.

Sasa ile CDTA. Chujio lako likiwa na alumina, shabu, udongo wa mfinyanzi au matofali yaliyopondwa, linaweza kuachia aluminiamu ndani ya maji. Aluminiamu huikumbatia floraidi, na kipimo kisicho na bafa nzuri kinaona imepungua. Haijapungua. Imejificha, na mnywaji ataimeza ilivyo. Namna ya kuikamata ni rahisi mno hata haieleweki kwa nini ripoti nyingi hazina: chukua mililita 100 za maji yaliyochujwa, tuseme yanasoma 0.4. Ongeza mililita moja ya ule myeyusho wa 100. Umeongeza takriban 1, kwa hiyo kipimo kipya kiwe karibu na 1.4. Ile nyongeza irudi kati ya asilimia 90 na 110. Ukipata 0.9, kuna kitu kinaificha floraidi, na chujio lako halijathibitika bado, haijalishi umepewa cheti gani cha ushiriki.

Upimie maji halisi. Kuchukua maji yaliyokenekwa na kuyatia sodiamu floraidi kunaleta matokeo mazuri ya kujifurahisha. Maji yetu yametoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, yana sodiamu na bikaboneti nyingi, kalsiamu kidogo, na pH mara nyingi inavuka 8. Kwa kuwa kalsiamu ni haba, floraidi haipati wa kutuama naye, inabaki majini. Ndani ya chujio, hizo bikaboneti na haidroksaidi hugombania nafasi zilezile na floraidi. Alumina, kwa mfano, hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa karibu 5.5, sasa ipeleke kwenye visima vya Maji ya Chai, kata jirani na Usa River, uone. Chota maji kisimani yatakapotumika, jaza madumu, pitisha, na chukua sampuli kila baada ya lita 100 mpaka kipimo cha kutoka kifike 1.5. Hapo ndipo maisha ya chujio yanapoishia, hata kama bado linaondoa nusu.

Kama unatumia mkaa wa mifupa, kama wengi hapa, ubora wake unaamuliwa kwenye tanuri. Toa nyama na uboho, anika, choma kwa nyuzi 400 hadi 500 kwa hewa kidogo, kwa saa kadhaa. Ukichoma pungufu, mafuta na protini vinabaki, maji yanatoka na unjano na harufu ambayo hakuna mama atakayeivumilia. Ukizidisha, mfupa unakuwa mweupe, mzuri machoni, na uwezo wake wa kushika floraidi umeshuka. Unaoufaa ni wa kijivu kinachoelekea weusi. Pipa la kuchomea bila kipima joto litakupa yote matatu ndani ya mzigo mmoja, kwa hiyo nunua kipima joto cha tanuri kabla ya kununua ndoo nzuri. Ponda, chekecha upate punje za milimita 0.5 hadi 4, osha mpaka maji yatoke safi. Na mifupa iwe ya mnyama anayejulikana na aliyechinjwa kihalali. Muislamu atakuuliza, Mhindu naye ana swali lake kuhusu ng'ombe, na jibu la "sijui, nimenunua kwa kilo" linafunga biashara.

Kuhusu ndoo, tatizo kubwa ni maji kutafuta njia ya mkato ubavuni na kuuacha mkaa wa katikati mkavu. Yaingize kwa chini yapande juu, na bomba la kutokea liwe juu ya usawa wa mkaa ili usikauke. Kilo 10 za mkaa zinachukua kama lita 14 za nafasi. Maji yakae humo angalau dakika 20, yaani koki isizidi lita 0.7 kwa dakika. Watumiaji watalalamika kuwa ni pole pole. Waambie waache usiku. Dawa ya klorini itiwe baada ya kuchuja, kamwe si kabla, kwa sababu mkaa huila klorini yote na wadudu wanabaki wakistawi humo ndani.

Hesabu ya maisha: gramu moja ya mkaa nzuri inashika miligramu moja au mbili kwa matumizi ya kawaida. Tumia moja. Kilo 10 ni miligramu 10,000. Maji ya 8 yakishuka hadi 1, kila lita inaacha 7, unapata kama lita 1,400. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia itafika siku 70. Maji yakiwa ya 16, hesabu hiyo inashuka mpaka mwezi mmoja na siku chache. Mwambie mteja hilo kabla hajalipa. Na mwambie pia kwamba magadi ya kupikia maharage yanaweza kuwa na floraidi yake, asije akakulaumu wewe.

Nani atakumbuka siku ya 70? Hapo ndipo pana nafasi ya ubunifu, ndugu zangu, kuliko kwenye mkaa. Mkaa wa mifupa unajulikana tangu miaka ya 1930, huwezi kudai ni wako. Chujio la mchanga nalo ni la kale, lakini Mtanzania mwenzetu Dk. Askwar Hilonga aliliunganisha na nanomateria, yaani chembe ndogo mno, akalilenga kwenye uchafu wa maji ya eneo husika, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Tafuta kipande chako kipya. Kwa mfano, kuhesabu lita zilizopita: mita ya maji ya bombani inaweza isihesabu vizuri mtiririko mdogo wa koki ya ndoo. Kikombe cha nusu lita kinachopinduka kikijaa, kikahesabu mara 2,400 kisha kikafunga koki chenyewe, kingekatisha matumizi kwenye lita 1,200, kabla zile 1,400 hazijaisha, bila betri wala elimu ya kemia. Mafundi wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) au TEMDO (taasisi ya kusanifu mitambo) hapa Arusha wanaweza kukusaidia kuunda mfano wa kwanza.

Ukikipata, peleka maombi ya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwanza, yakiwa na michoro na namba zako za vipimo, ndipo uonyeshe watu. Kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukosa sifa ya upya, na Nanenane ya Njiro ni hadharani. Daftari la maabara liwe na kurasa zenye namba, tarehe kila siku, na saini ya mtu mwingine aliyeshuhudia.