Wanyama wa uani baada ya moto: maji weka, chakula acha

SWALI: Daktari, moto wa nyika umepita mtaani kwetu. Nyumba yetu ilisalimika, lakini za majirani wawili ziliteketea. Tangu hapo uani kwangu hakuishi ndege na kindi, na jana usiku nilimkuta kalunguyeye kando ya mlango. Watoto wananisumbua niwawekee wanyama chakula. Je, nikiweka nitakosea? Na mti wetu mkubwa uliobaki mweusi, niukate?

JIBU: Poleni sana, wewe na majirani zako. Maji weka. Chakula, ningekushauri uache.

Wageni hao wamekuja kwa sababu kwako ndiko kulikobaki na kivuli. Ukimwaga nafaka, wazima na wagonjwa watadonoa mahali pamoja penye kinyesi chao wote, paka watajua pa kuvizia, na muda si mrefu atakayenufaika zaidi ni panya. Isitoshe, jiko la porini halijafungwa lote. Udongo hukinga joto vizuri mno: sentimita chache tu chini ya majivu, mchwa, sisimizi na mabuu wengi wamesalimika. Mijusi na nyoka waliojichimbia nao hutoka wazima, kwa hiyo tazama unapokanyaga, hasa karibu na mawe na vifusi.

Maji yawe kwenye beseni la kina kifupi, na jiwe ndani yake lichomoze juu ili nyuki au mjusi aliyetumbukia apate pa kupandia. Yabadilishe kila siku. Upepo ukivuma utaona utando wa kijivu juu ya maji. Hapo usingoje kesho, mwaga.

Utando huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko wanyama wenyewe. Majivu ya kuni ni alikali, na yakilowana huwasha ngozi, kwa hiyo mbwa akirudi kutoka matembezini msuuze nyayo. Majivu ya nyumba ni balaa jingine: yanaweza kuwa na madini ya risasi kutoka kwenye rangi za zamani, asbesto ya mapaa na arseniki ya mbao zilizotiwa dawa. Usiyafagie yakiwa makavu, wala usitumie mashine ya kupulizia majani. Yanyunyizie maji kidogo kwanza, vaa glavu na barakoa ya N95. Ya kitambaa haizuii chembe ndogo namna hiyo. Watoto wabebe maji ya ndege, majivu wakuachie wewe. Kama mna kuku, wafungieni mbali na viwanja vilivyoungua, maana risasi wanayoimeza wakichakura hufika hadi kwenye mayai.

Sasa mti. Kwangua gome kidogo kwa kisu, sehemu kadhaa. Ukikuta kijani na unyevunyevu chini yake, bado una uhai. Usubiri msimu mzima kabla ya kuuhukumu. Lakini ukiwa umeinamia nyumba au njia, au shina limeliwa na moto chini, mwite fundi wa miti na msikae karibu nao, hata kama una majani. Ukiwa umekufa na umesimama mbali na watu, mimi ningeuacha. Kuna mbawakawa wa jenasi Melanophila wanaohisi mionzi ya joto la moto kutoka mbali na kuja kutaga kwenye miti iliyoungua. Vigogota huwafuata mabuu wa wadudu kama hao, na matundu wanayotoboa huja kuwa nyumba za bundi wadogo na ndege wengine. (Majirani watasema mti huo unaharibu sura ya mtaa. Waonyeshe kigogota.)

Kalunguyeye mwache, ni mnyama wa usiku na huenda anapita tu. Ukimkuta mchana akiyumba, au nyayo zimebabuka, mfunike kwa taulo, umwinue kwa glavu nene na umweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya, kisha umpigie daktari wa mifugo au idara ya wanyamapori. Mnyama wa porini aliyeumia huuma, na kichaa cha mbwa hakibagui, kwa hiyo watoto wasimguse. Usimpake mafuta kwenye vidonda, usimlazimishe kunywa, na maziwa usimpe kabisa: yatamharisha.