780 kwenye top si wizi

Juzi msomaji mmoja, mwanafunzi wa uzamili, kaniandikia: "Kaka, seva ya idara tunaitumia wengi. Nikiwasha hesabu zangu wenzangu wananinunia. Nifanyeje?" Umenitonesha kidonda, mdogo wangu.

Programu yangu ilikuwa imekesha ikichambua data za mvua. Alfajiri msimamizi wa seva akafungua top, amri inayoonyesha programu zinazoendelea, akaona jina langu juu kabisa na 780 kwenye %CPU, akapiga kill -9, amri ya kuiua programu papo hapo, bila hata kunibipu. Kisha kwenye grupu la WhatsApp: "Kuna watu wanadhani seva ni ya baba yao." Vidole gumba vikamiminika. Pole sijaisikia hadi leo.

Asichokitazama kwenye top ni safu ya NI, yaani nice, kiwango cha upole wa programu, iliyosoma 19. Kwenye Linux namba hiyo huanzia -20 hadi 19, ya kawaida ikiwa 0, na kadiri inavyopanda ndivyo programu inavyozidi kuwapisha wengine. Ikiwa 19, uzito wake kwenye kugawana prosesa ni 15 dhidi ya 1024 wa programu ya kawaida. Zikigombea kiini kimoja cha prosesa, yako inaambulia kama asilimia moja na nusu tu. Ile 780, kila 100 ikiwa kiini kimoja, ni viini karibu vinane ambavyo saa ile hakuna aliyevihitaji. Nilikuwa nakula makombo, jamani!

Basi tanguliza nice -n 19 mbele ya amri yako. Kama kazi imeshaanza, andika renice -n 19 -p, ufuatishe PID yake, yaani namba ya programu inayoonekana kwenye top. Fikiri kwanza, maana kwa kawaida asiye root, yaani mwenye mamlaka yote ya mfumo, akishajishusha hawezi kujipandisha tena. Pia soma faili la /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled. Ikiwa 1, kila aliyeingia kwa SSH, yaani kutoka kompyuta nyingine, ana fungu lake la prosesa, na adabu yako inaishia ndani ya fungu lako, jirani haoni nafuu. Kwetu ilikuwa 0. Nilihakikisha, tena mapema.

Nanyi wasimamizi, acheni ubabe. Root anaweza kumpeleka mtu 19 kwa renice hiyo hiyo, kazi ikaendelea na wengine wakapumua. Kill ibaki kwa programu iliyokwama, au inayomaliza RAM hadi seva nzima inahamia kwenye swap, yaani diski inayotumika badala ya RAM, kwa sababu nice haigusi RAM hata kidogo. Na hata hapo, mpigie mwenyewe kwanza.